Pauni 150 zimeingia, mbona dairekti debiti imepanda?

*"Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Leicester, Uingereza, na nyumba hii tulihamia Julai mwaka jana. Napokea Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Desemba nilipata barua kwamba nimepewa Warm Home Discount, lile punguzo la bili ya umeme wakati wa baridi, pauni 150. Nikasubiri ziingie benki, hola. Dairekti debiti ya umeme na gesi, yaani ile pesa kampuni inayojikatia benki kila mwezi, ikakatwa vilevile, pauni 128. Nikafungua programu ya kampuni kwenye simu: juzi yake nilikuwa nadaiwa pauni 96, sasa nikaona 54 na herufi CR. Nikanyamaza. Wiki iliyopita imekuja barua nyingine, eti kuanzia Februari watakata pauni 151 kila mwezi. Sasa serikali imenisaidia nini? Shoga yangu ananiambia yeye alishawahi kulipwa 150 zake benki kabisa, na kwamba kampuni hizi zinakula pesa za watu. Ananishauri nifute dairekti debiti. Mita yetu ni ya zamani, iko kwenye kabati chini ya ngazi. Nifanyeje?"*

Dada yangu, pauni 150 zako hazijaliwa na mtu. Zimo ndani ya ile 54 uliyoiona. Juzi yake ulikuwa unadaiwa 96. Punguzo likaingia, likalipa lile deni lote la 96, zikabaki 54 upande wako. Jumlisha 96 na 54 upate 150. Hizo herufi CR maana yake ni kwamba pesa hiyo ni yako, kampuni ndiyo inayokushikia.

Kwa hiyo punguzo lilifanya kazi yake siku ileile lilipoingia. Kilichokuumiza ni kitu kingine kilichokuja nyuma yake, yaani hiyo 151, na nitakifikia, kwa sababu nina wasiwasi nacho na nadhani unaweza kukipinga. Ila kwanza tuondoe mkanganyiko wa benki, maana shoga yako hakudanganyi.

Mwaka 2022, bei za nishati zilipopanda Uingereza, serikali ilitoa pauni 150 kupitia kodi ya halmashauri, kwa nyumba za madaraja A hadi D ya thamani ya nyumba. Waliokuwa wakilipa kodi ile kwa dairekti debiti waliingiziwa 150 zao benki moja kwa moja na halmashauri, kuanzia Aprili. Nadhani ndiyo anayoikumbuka shoga yako. Halafu kuanzia Oktoba mwaka huohuo hadi Machi 2023 zikaja pauni 400 za umeme kwa kila nyumba, kwa mafungu sita: 66 mara mbili, kisha 67 mara nne. Hapo kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. Kuna iliyopunguza kiasi inachokata, kuna iliyokata chote kisha ikarudisha 66 benki siku chache baadaye, na kuna iliyoziweka tu kwenye akaunti ya mteja. Nakumbuka majirani wawili waliokuja mezani kwangu asubuhi moja, mmoja anafurahi kalipwa, mwenzake analia kadhulumiwa, na wote wawili walikuwa wamepata 66 zilezile.

Mipango ile imekwisha. Warm Home Discount ni kitu kingine: ni pauni 150 mara moja kwa msimu wa baridi, na huwekwa kwenye akaunti yako ya umeme. Hazipiti benki. Ukiwa na gesi na umeme kwa kampuni moja unaweza kuiomba iziweke upande wa gesi, lakini bado zitabaki ndani ya akaunti ya kampuni. Misaada ya baridi inayoingia benki ni mingine: Winter Fuel Payment ya wazee waliofikia umri wa pensheni, pauni 200 au 300 kufuatana na umri, na Cold Weather Payment, pauni 25 kwa kila siku saba mfululizo ambazo wastani wa joto eneo lako umeshuka hadi nyuzi sifuri au chini yake, kati ya Novemba na Machi. Hiyo ya mwisho huenda kwa baadhi ya wanaopokea posho kama yako, na huja yenyewe.

Kuna na "150" nyingine utakayoisikia, heri nikutahadharishe mapema. Tarehe 26 Novemba 2025, katika bajeti, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 itaondoa baadhi ya gharama zilizokuwa zikibebeshwa bili, ili nyumba ya kawaida ipate nafuu ya wastani wa pauni 150 kwa mwaka. Hii hutaiona kama mstari kwenye akaunti wala benki. Nafuu yake inapita kwenye bei ya uniti, kidogokidogo kila unapowasha jiko, na kwako inaweza kuwa zaidi au pungufu ya hiyo 150 kulingana na unavyotumia. Ukiisubiri kama ulivyoisubiri ya Desemba, utasubiri bure.

Sasa twende kwenye dairekti debiti yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na si kwa kukosa akili. Tumekulia kwenye LUKU, au tokeni kwa wa Kenya. Unanunua uniti, unaziingiza kwenye mita, unaziona zikipungua, zikiisha taa inazima. Ulicholipa ndicho ulichotumia. Dairekti debiti ya kiasi maalumu haiko hivyo kabisa. Pauni 128 unazokatwa si bili yako ya mwezi.

Ifikirie kama kibubu. Kampuni inakisia mwaka mzima utatumia kiasi gani, inagawa kwa kumi na mbili, na kila mwezi inatumbukiza kiasi kilekile kwenye kibubu chako. Julai, watoto wako nje na hita imezimwa, unatumia labda pauni 65, na kibubu kinajaa. Januari, madirisha yanatoka jasho na hita inanguruma tangu alfajiri, unatumia 200, na kibubu kinaliwa. Bili ndiyo inayochotwa humo kila mwezi, na salio ni kinachobaki. Wewe ulihamia Julai ukaanza na kibubu kitupu, baridi ikakukuta hujaweka akiba ya kutosha, ndiyo maana Desemba ulikuwa chini kwa 96. Hilo peke yake halinitishi.

Warm Home Discount ni kama mjomba amepita akatumbukiza 150 kwenye kibubu chako. Kiasi unachoweka wewe kila mwezi hakibadiliki kwa sababu mjomba kapita. Kitabadilika kampuni ikikaa chini kupiga hesabu upya, na hesabu hiyo inaangalia mambo mawili: salio lako la sasa, na makisio ya matumizi yako ya miezi kumi na miwili ijayo. Salio lako limepata nafuu, kwa hiyo kilichoisukuma dairekti debiti juu lazima kiwe makisio. Pauni 151 mara kumi na mbili ni 1,812. Wanaamini nyumba yako itatumia karibu pauni 1,812 kwa mwaka. Swali la kuwauliza ni moja: mmeitoa wapi?

Nina dhana yangu. Makisio huifuata mita, hayamfuati mtu. Ukihamia nyumba, kampuni haikujui, kwa hiyo inaanza na matumizi ya waliokuwapo kabla yako. Huenda walikuwa watu sita, huenda walikuwa na hita za umeme kila chumba. Na kama mita yako ni ya zamani na hakuna anayeisoma, kampuni inaendelea kubuni namba mwezi hadi mwezi juu ya msingi huohuo wa watu usiowajua.

Chukua bili ya mwisho, nenda ukurasa wa pili au wa tatu penye namba za mita. Pembeni ya namba, kampuni nyingi huandika herufi au neno: E ni ya kukisia, A ni iliyosomwa na mtu wao, C ni uliyotuma wewe mteja. Ukiona E zimepangana tangu Julai, tumepata mchawi wetu.

Kisha shika tochi ya simu, fungua lile kabati chini ya ngazi, sogeza fagio na magari ya watoto, uisome mita. Soma tarakimu nyeusi kutoka kushoto kwenda kulia, hata zinazoanza na sifuri. Ukiona tarakimu nyekundu mwishoni, au zilizo baada ya nukta, ziache. Watu wengi wanaziingiza, na bili inapanda mara kumi. Piga picha, namba za mita na namba yake ya usajili zionekane, pamoja na tarehe. Fanya hivyo pia kwa gesi.

Nikupe mfano. Tuseme bili inasema mita ya umeme ilikuwa 42310, na pembeni pana E. Wewe unasoma 41873. Haiwezekani mita irudi nyuma, kwa hiyo wamekutoza uniti 437 ambazo hujazitumia. Tuseme bei ni peni 27 kwa uniti, hizo ni karibu pauni 118. Zikirudishwa, 54 yako inakuwa 172, na ile 151 haina mguu wa kusimamia.

Inaweza pia kuwa kinyume, na ni haki ukijua kabla hujaenda kabatini. Huenda mita ikasoma zaidi ya walivyokisia, na ukagundua unadaiwa. Hata hivyo ningekushauri usome. Deni linalojulikana Januari ni dogo kuliko litakalogunduliwa Novemba, na ukilificha linakua kimyakimya. Kuna kinga pia: kampuni hairuhusiwi kukudai kwa nishati uliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita kama kosa la kutokutoza ni lao.

Ukishatuma namba, piga simu au andika kwenye gumzo la programu yao. Usianze na hasira ya pauni 150, watakuzungusha kwa kukueleza ambayo umeshayajua. Waambie: "Nimetuma namba halisi za mita. Naomba mpige upya hesabu ya dairekti debiti yangu, na mnieleze kwa maandishi mmefikaje kwenye 151." Hii si fadhila unayoomba. Leseni za kampuni hizi, zinazosimamiwa na Ofgem, mdhibiti wa soko la umeme na gesi, zinazitaka ziweke kiasi maalumu cha dairekti debiti kwa kutumia taarifa bora na za karibuni zaidi zilizopo, na zimweleze mteja kwa lugha inayoeleweka. Kukisia juu ya mpangaji aliyehama wakati namba zako wanazo si taarifa bora.

Hesabu mpya ikitoka, utakuwa na njia tatu, na kila moja ina uzuri na ubaya wake.

Ya kwanza ni kuacha 150 kwenye kibubu na kubaki na 128. Kwako wewe, mwezi huu, ndiyo ningeichagua. Tuchukulie salio lako limekuwa 172. Ukitumia 200 Februari na 200 Machi huku ukilipa 128, kila mwezi kibubu kinaliwa 72, jumla 144. Mwisho wa Machi utabaki na 28. Umevuka baridi bila deni na bila kupandishiwa, na hiyo ndiyo kazi punguzo lilitungwa kufanya.

Ya pili ni kuomba kiasi cha mwezi kishushwe. 150 ukiigawa kwa kumi na mbili unapata pauni 12 na peni 50. Nafuu ndogo lakini ya kila mwezi. Tatizo ni kwamba mwaka ukiisha, na punguzo lisipokuja tena, kiasi kinarudi kilipokuwa, na itaonekana kama umepandishiwa tena.

Ya tatu ni kuomba salio lirudishwe benki. Unayo haki ya kuomba, na kampuni inatakiwa ikulipe bila kuchelewa isipokuwa iwe na sababu ya msingi, ambayo lazima ikueleze. Sikatazi. Najua kuna nyumba ambazo pauni 150 Januari ni viatu vya shule na gesi ya kupikia kwa wakati mmoja. Lakini ukichota yote katikati ya baridi, ile 144 ya Februari na Machi itakuwa deni, na kampuni itapata sababu halali ya kukupandishia. Wakati mzuri wa kuomba ni mwishoni mwa Aprili au Mei, baada ya kusoma mita tena. Kama wakati huo bado una salio linalozidi malipo ya mwezi mmoja, limelala tu huko.

Kuhusu kufuta dairekti debiti, dada, hapana. Namwelewa shoga yako, mtu akihisi anaporwa anafunga mlango. Lakini ukiifuta benki, mkataba wako na kampuni haufutiki. Bili zinaendelea, unahamishwa kwenye kulipa baada ya kupokea bili, na kwa mtindo huo ukomo wa bei wa Ofgem wenyewe uko juu kuliko wa dairekti debiti. Ukichelewa, unaingia kwenye barua za madeni. Kama kinachokukera ni makisio, uliza kama wana dairekti debiti ya kulipa ulichotumia mwezi huo tu. Inakaribiana na LUKU yetu, na punguzo likiingia unaliona likikata bili waziwazi. Ujue tu kwamba Januari itakuwa nzito na Julai nyepesi. Kwa mwenye posho ya kiasi kilekile kila mwezi, mara nyingi naona inawashinda.

Unayo pia kinga ya benki. Kampuni ikitaka kubadilisha kiasi au tarehe, inapaswa kukuarifu mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi. Ikikata kiasi tofauti na ilichokuarifu, au kabla ya tarehe, benki yako inatakiwa kukurudishia chote mara moja unapoomba. Lakini kinga hii ni ya makosa ya ukataji. Hutaitumia kubishana kwamba 151 ni nyingi. Hilo ni la kampuni, na ukiirudisha pesa kwa njia hiyo wataidai.

Wewe ulipata punguzo kwa sababu tarehe 24 Agosti 2025, siku iliyotumika kupima nani anastahili msimu wa baridi wa 2025/26, ulikuwa unapokea posho inayohusika na jina lako lilikuwa kwenye bili ya umeme. Nakuomba uwaulize ndugu na marafiki waliopanga, maana hapa wengi wetu tunakosa. Kama bili iko kwa jina la mwenye nyumba, au la yule binamu aliyekupokea miaka hiyo na sasa amehama, punguzo haliji hata uwe na Universal Credit. Badilisheni jina kwenye bili sasa, kabla ya kiangazi, msingoje baridi ijayo. Jina la mume au mke mnayeishi naye linatosha. Ukihama kampuni baada ya siku ile ya kupima, inayowajibika ni ile uliyokuwa nayo siku hiyo, kwa hiyo usikubali kurushwa kama mpira kati ya mbili. Scotland ina tofauti kidogo za utaratibu, na Ireland ya Kaskazini haimo kwenye mpango huu.

Na aliye na viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma asikimbilie kuomba posho ili apate punguzo hili. Aonane kwanza na mshauri wa uhamiaji anayetambulika kisheria.

Hapa England, punguzo huja lenyewe, na barua hutumwa kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Januari. Hakuna mtu anayehitaji namba ya kadi yako ili akupe. Ukipata ujumbe wa simu wenye kiungo cha "dai pauni 150 zako", ufute. Mwaka 2022 niliona akina mama waliopoteza zaidi ya punguzo lenyewe kwa kubonyeza.

Kampuni ikikataa kupiga hesabu upya, au ikikaa kimya, waambie neno hili hasa: "Hili ni lalamiko." Likishaandikwa hivyo, saa inaanza kuhesabu. Baada ya wiki 8 bila suluhu, au wakikupa barua ya kusema wamefika mwisho, unaweza kwenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati, bila kulipa kitu. Lakini usingoje wiki 8 ukiwa tayari unapunguza chakula cha watoto ili ulipe, au kuna barua ya kukutishia kuwekewa mita ya kulipia kabla, au mtoto mchanga au mgonjwa analala kwenye baridi. Hapo nenda kwa mtu ana kwa ana wiki hiihii, Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au kituo cha ushauri cha mtaani kwenu, na uliza mapema kama wanaweza kupata mkalimani wa Kiswahili, hata kwa simu. Usimpe mtoto kazi ya kutafsiri madeni. Beba barua zote mbili, bili yenye kurasa zake zote, na picha ya mita.

Na hiyo picha ipige kabla Februari haijaanza, dada, kabla ya 151 ya kwanza kukatwa. Baada ya hapo, piga nyingine kila mwisho wa mwezi, siku unayolipa kodi ya nyumba, ili usisahau.